Bima Bila Macho, Soko Bila Mizani

Katika ukanda huu wa mahindi hakuna mkulima anayehitaji kufundishwa maana ya mizani. Anajua kwamba gunia lake ni kilo 90. Anajua kwamba ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao hapa Moi's Bridge halitaki mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5. Anajua bei ya serikali na bei ya dalali, na akipunjwa, aghalabu hupunjwa akiona kwa macho yake. Lakini mkulima huyo huyo anapofika hospitalini akiwa amembeba mtoto mwenye homa, huingia katika soko la namna nyingine kabisa. Humo, muuzaji ndiye anayemwambia mnunuzi anachohitaji, kiasi anachohitaji na mara ngapi atakihitaji. Mnunuzi hana kipimo cha unyevu wala mizani. Ana hofu tu, na mwenye hofu hajui kujadiliana bei.

Juu ya hayo, yuko mtu wa tatu katika biashara hiyo, naye ni bima. Anayetibiwa siye anayelipa. Anayelipa hayumo chumbani. Na anayetibu hulipwa kwa madai anayoyaandika yeye mwenyewe. Mpangilio huu unaweza kuwa neema kubwa kwa mnyonge. Unaweza pia kuwa shimo ambamo michango ya wananchi hutumbukia bila kusikika mlio. Swali tunaloliuliza katika tahariri hii ni moja: ni lini bima na ushindani wa hospitali humletea mwananchi matibabu bora kwa gharama anayoimudu, na ni lini humletea bili nono na matibabu duni?

Wako wanaotuambia kwamba dawa ni soko: waacheni wenye hospitali washindane, bei itashuka na huduma itapanda. Wako pia wanaotuambia kwamba dawa ni bima ya serikali: kila mtu atoe mchango, na mambo yatajipanga yenyewe. Sisi tunasema kwamba kambi zote mbili zimeruka swali la msingi. Hospitali inalipwa kwa kufanya nini hasa? Na nani anaona inapolipwa?

Tulikotoka

Historia yetu ina majibu mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1965 serikali ya uhuru ilifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya umma. Mwaka 1966 Bunge likaunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, kwa ajili ya wafanyakazi wa mishahara, na mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa waliojiajiri kuingia kwa hiari. Kwa miaka mingi waliofaidi ni wenye hati za mshahara. Mkulima na mchuuzi walibaki nje, wakitegemea hospitali ya serikali na, hali ilipozidi, harambee ya jamaa na majirani.

Mnamo Desemba 1989, hazina ya serikali ikiwa imebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji wa nje, ukaanzishwa mpango wa kugawana gharama. Mgonjwa akarudishwa dirishani na pesa mkononi. Matokeo yalionekana upesi. Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na baada yake: wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Ugonjwa haukuwa umepungua hata kidogo. Kilichopungua ni wagonjwa waliothubutu kuja. Septemba 1990 ada ya wagonjwa wasiolazwa ikasitishwa, kisha ikarejeshwa kwa awamu katika miaka iliyofuata, ikiitwa ada ya matibabu.

Haki itendeke hata kwa mpango huo. Ulikuwa na kipengele kimoja chema: asilimia 75 ya pesa zilizokusanywa zilitengewa kituo kilichozikusanya, na asilimia 25 huduma za msingi za wilaya. Muuguzi mkuu aliweza kununua glavu na spiriti bila kuandika barua kwenda Nairobi. Tutalirudia jambo hili, kwa maana ugatuzi ulipokuja mwaka 2013 kaunti nyingi zilizisomba pesa za hospitali hadi katika hazina zao, na vituo vikaachwa vikipiga magoti kuomba kilichokuwa chao.

Mwaka 2004 ada katika zahanati ikawekwa kuwa shilingi 10 na katika kituo cha afya shilingi 20. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliosukumwa na Waziri Charity Ngilu. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Mwaka 2010 wananchi wakaandika katika Katiba, Kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa, na kujifungua katika vituo vya umma kukawa bure.

Somo la miaka hiyo ni wazi. Ada ya dirishani humwadhibu maskini kwanza, tena humwadhibu kwa ugonjwa ambao hakuuchagua. Lakini neno "bure" lililobandikwa juu ya rafu tupu halimponyi mtu. Mwananchi anayepewa karatasi ya dawa na kuelekezwa duka la ng'ambo ya barabara amelipishwa. Tofauti ni kwamba aliyemlipisha hayumo katika hesabu za serikali.

Kwa nini tunaitetea bima

Ndiyo maana tunaitetea bima, na tunataka jambo hili lieleweke kabla hatujaanza kuikosoa. Mchango wa wengi wenye afya humbeba mmoja aliye mgonjwa. Huo ndio msingi wa harambee zetu, isipokuwa kwamba harambee huitishwa maiti ikiwa imezuiliwa au mgonjwa akiwa amezidiwa, ilhali bima hukusanywa mapema. Harambee tena humfaa zaidi mwenye jina na jamaa wengi. Mjane asiye na mtu hukusanyiwa vijisenti.

Sisi wa Moi's Bridge tuna sababu nyingine. Mji wetu umo Kaunti ya Uasin Gishu, lakini ukivuka kidogo uko Trans Nzoia, na ukielekea Matunda hauko mbali na Kaunti ya Kakamega. Bajeti ya kaunti hukomea mpakani. Ugonjwa haukomei hapo. Mama wa hapa huenda akajifungulia Kitale kwa sababu ndiko karibu. Kijana aliyevunjika mguu katika ajali ya boda boda hupelekwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ndiyo tegemeo la eneo zima la magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa. Bima inayomfuata mgonjwa popote aendapo ndiyo pekee inayoweza kuvuka mipaka hii bila ugomvi wa magavana.

Basi si bima tunayoipinga. Tunapinga bima isiyo na macho.

Kila malipo yana kishawishi chake

Tazameni jinsi hospitali zinavyolipwa, nanyi mtaelewa jinsi zinavyotenda. Ukiilipa hospitali kwa kila siku mgonjwa anayolala kitandani, unaialika imlaze anayeweza kutibiwa na kurudi nyumbani, na anayestahili kutoka Jumatatu atoke Alhamisi. Kwa miongo mingi NHIF ililipa hivyo, na hospitali ndogo za kibinafsi zikachipuka mijini kama uyoga baada ya mvua. Nyingine zilikuwa za watu waaminifu waliojaza pengo la serikali. Nyingine ziliishi kwa kudai malipo ya vitanda ambavyo havikulaliwa na mtu.

Ukiilipa kwa kila tendo au kila kisa, kishawishi huhamia kwenye tendo linalolipa zaidi. Chini ya NHIF, kujifungua kwa kawaida kulilipwa shilingi 10,000 na kujifungua kwa upasuaji shilingi 30,000, na viwango hivyo vikaendelea chini ya mamlaka iliyochukua nafasi yake. Hatusemi kwamba kila mama aliyepasuliwa alipasuliwa kwa ajili ya pesa. Upasuaji umeokoa mama na watoto wasiohesabika. Tunasema kwamba pengo la shilingi 20,000 ni sauti inayonong'ona katika chumba cha kujifungulia, na kwamba mama aliye katika uchungu si mtu wa kuachiwa kazi ya kubishana na sauti hiyo.

Na ukiilipa kwa kichwa, yaani kiasi fulani kwa mwaka kwa kila aliyeandikishwa, awe ameugua au hakuugua, basi kishawishi hugeuka. Sasa faida iko katika kuandikisha wengi na kuwatibu kidogo. Mwaka 2012 taifa lilitikiswa na sakata ya malipo ya namna hiyo katika mpango wa NHIF wa watumishi wa serikali, pesa zilipodaiwa kulipwa kwa zahanati ambazo hazikuonekana zilikodaiwa kuwa.

Wengine husema: basi mgonjwa mwenyewe alipe sehemu kubwa, ndipo atakapokuwa mwangalifu. Marekani ililijaribu wazo hili kwa utafiti mkubwa ulioanza katika miaka ya 1970 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Familia zilizogawiwa bima za namna mbalimbali zilifuatwa kwa miaka kadhaa. Waliotakiwa kuchangia bili walitumia huduma chache zaidi, ni kweli. Lakini walizipunguza zile za lazima sawasawa na zile zisizo za lazima, na maskini wenye shinikizo la damu ndio waliopata hasara ya afya. Mgonjwa si daktari. Ukimwekea kizingiti, hawezi kujua ni homa gani itapita na ni homa ipi itaua.

Kwa hiyo hakuna namna ya kulipa iliyo takatifu. Kila moja ina kishawishi chake, na kishawishi huzuiwa na jicho linalotazama: mkaguzi anayefika bila taarifa, hesabu zinazochapishwa, na mwananchi anayeuliza.

Chema chajiuza?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika nyanya na mahindi ni kweli. Je, ni kweli katika hospitali?

Mwaka 1963 mwanauchumi Mmarekani Kenneth Arrow aliandika kwamba matibabu si bidhaa kama nyingine, kwa sababu mgonjwa hajui lini ataugua, na akiugua hajui kama alichouziwa kilikuwa na thamani. Anayepona huenda angepona bila dawa. Anayekufa huenda asingeokolewa na yeyote. Hivyo hospitali zinaposhindana kumvuta mgonjwa, zinashindana kwa vile anavyoviona: vigae vinavyong'aa, runinga ukutani, gari la wagonjwa lenye king'ora, jina la daktari bingwa kwenye bango. Hazishindani kwa visivyoonekana: ni mama wangapi walitokwa damu na kuokolewa, ni vidonda vingapi vya upasuaji viliota usaha, ni usiku mangapi daktari wa zamu alikuwa zamuni kweli.

Uingereza ilitufanyia majaribio mawili bila kukusudia. Mwaka 1991 serikali ya chama cha Conservative iliingiza soko ndani ya huduma ya afya ya taifa, hospitali zikaruhusiwa kushindana hata kwa bei. Wataalamu waliochunguza baadaye walikuta kwamba foleni zilipungua, lakini vifo vya waliopatwa na mshtuko wa moyo vilikuwa vingi zaidi pale ushindani ulipokuwa mkali. Hospitali zilikuwa zimekata katika kile ambacho mnunuzi hakukipima. Kisha, kuanzia 2006, wagonjwa walipewa uhuru wa kuchagua hospitali, lakini bei ikawa moja iliyowekwa na taifa, na taarifa za ubora zikatangazwa. Safari hii, penye ushindani vifo vilipungua. Nchi ni ile ile, na ushindani ni ule ule. Kilichobadilika ni kanuni za mchezo.

Hata hapa kwetu tuna ushahidi. Katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, serikali pamoja na Benki ya Dunia walijaribu utaratibu mpya wa ukaguzi katika vituo vya umma na vya kibinafsi zaidi ya 1,000. Wakaguzi walitumia orodha moja iliyo wazi, kila kituo kikapewa alama, na kilichoshindwa kabisa kikaamriwa kufunga au kujirekebisha. Usalama wa wagonjwa uliimarika, wala gharama walizotoa mifukoni hazikupanda. Hakuna mtambo wa mabilioni uliohitajika. Zilihitajika orodha, kalamu na mkaguzi asiyenunulika. Mizani ikiwekwa, chema huanza kujiuza.

Tuliojifunza katika miaka ya 1990 kwamba vyama vingi bila mwamuzi huru ni mashindano ya jina tu, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Hospitali nyingi bila mkaguzi huru ni hali hiyo hiyo.

Tena tusisahau kwamba ushindani unahitaji kuwepo kwa wa kushindana. Mjini Eldoret hospitali za kibinafsi zimeota karibu karibu, kwa kuwa ndiko waliko wenye mishahara na bima. Hapa kwetu, mama anayetokwa damu saa nane za usiku hachagui baina ya Eldoret na Kitale kama anayechagua kitambaa dukani. Huenda kule ambako gari lililopatikana litafika kwanza. Kwa mwananchi huyo, soko ni maneno matupu. Anachohitaji ni kituo cha afya chenye muuguzi, damu, dawa na njia ya kumfikisha mbele.

Mfumo mpya na makovu ya zamani

Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya za afya, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Mwalimu wa shilingi 100,000 aliyekuwa akikatwa 1,700 sasa hukatwa 2,750. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake kwa maswali ya nyumba, mifugo na vyombo, kisha hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaotakiwa kulipwa kwa mwaka mzima mapema. Yaani shilingi 3,600 kwa uchache, kwa mkupuo.

Tunasema kweli: sheria hizo zina mema. Hazina ya huduma za msingi inakusudiwa kugharimia matibabu katika zahanati na vituo vya afya bila mchango wa mgonjwa. Iko hazina ya dharura na magonjwa sugu. Kikomo cha zamani kilimpendelea mwenye mshahara mnono, na kuondolewa kwake ni haki. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba itawalipia wasiojiweza wapatao milioni 2.2. Hayo tunayapokea kwa shukrani.

Lakini mwenendo wake umebeba makovu ya zamani. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizitangaza sheria hizo kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na utekelezaji ukaendelea. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba mtambo wa kompyuta unaoendesha mpango huu, uliogharimu shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Wananchi wanachangia, lakini daftari ni la mwingine.

Kisha liko deni. NHIF ilikufa ikidaiwa mabilioni na hospitali, na malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo yakahamia kwa SHA. Wengi hudhani kwamba hili ni shauri la wenye hospitali. La, hasha. Bima inayochelewa kulipa huamua nani aishi na nani afe katika soko la matibabu. Hospitali kubwa ya mjini yenye mkopo wa benki itastahimili miezi sita. Zahanati ya mkunga kijijini na hospitali ya misheni isiyotafuta faida hazitastahimili. Zitaanza kudai pesa taslimu kwa mwenye bima, na mwananchi atalipa mara mbili: mara moja kwa mchango, mara ya pili dirishani. Zikifunga, waliobaki watapandisha bei, kwa kuwa hakuna tena wa kushindana naye. Hivyo ndivyo mchelewaji mmoja Nairobi anavyoua ushindani Moi's Bridge.

Serikali hujibu kwamba inachelewa kwa sababu inachuja madai ya uongo. Jibu hilo lina uzito. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za kudai malipo ya wagonjwa hewa, na kuwageuza waliotibiwa na kwenda zao kuwa waliolazwa. Mwizi wa dawa ya mgonjwa na apelekwe mahakamani, awe ni mwenye hospitali au ni ofisa aliyempitishia madai. Lakini haiwi haki kuwanyima wote chakula kwa kuwa mmoja aliiba jikoni. Mwaminifu alipwe kwa tarehe inayojulikana.

Na yeyote asisahau nani hubeba mzigo wa mwisho mambo yakiharibika. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia wanawake waliojifungua katika hospitali ya Pumwani kwa kushindwa kulipa bili kulikuwa kinyume cha sheria na cha utu wao. Uamuzi huo upo. Hata hivyo, mwenye kutembelea wodi zetu anajua kwamba mgonjwa aliyepona bado anaweza kuelezwa kwa upole kwamba karatasi za kutokea "hazijawa tayari".

Tunachodai

Kwanza, bei ziandikwe ukutani. Kila hospitali inayopokea pesa za bima, ya serikali, ya kibinafsi na ya kanisa, ibandike mlangoni kwa Kiswahili kile ambacho bima hulipa na kile ambacho mgonjwa ataongeza.

Pili, malipo yachapishwe kituo kwa kituo, kila mwezi: kilidai kiasi gani, kililipwa kiasi gani, kwa wagonjwa wangapi waliolazwa na wangapi waliopasuliwa. Kijiji kikisoma kwamba zahanati yao yenye vitanda vinne ililaza watu mia tatu mwezi huu, mkaguzi hatahitaji kutoka mbali.

Tatu, alama za ukaguzi ziandikwe langoni. Ubora ushindaniwe, na bei iwe moja na ya haki.

Nne, mchango wa mkulima ufuate mavuno. Anayevuna kati ya Oktoba na Desemba hana shilingi 3,600 za mkupuo mwezi Mei, wakati pesa zake zote zimo ardhini kwa sura ya mbegu na mbolea. Mpango wa kulipa kidogo kidogo ulioletwa mwaka 2025 ni mwanzo, lakini usiwe mkopo wa kumwongezea madeni.

Tano, pesa za kituo zibaki kituoni. Sheria ya 2023 kuhusu fedha za uboreshaji wa vituo imekwisha kusema hivyo. Bunge la Kaunti ya Uasin Gishu liwaonyeshe wananchi kwamba inafuatwa.

Sita, na hili twajiambia wenyewe, hospitali za makanisa zitangulie. Zimejenga heshima kubwa katika nchi hii. Mwaka 1986 makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti yaliungana kuanzisha MEDS, shirika la kununua dawa bora kwa pamoja kwa bei nafuu, nalo limethibitisha kwamba gharama inaweza kushuka bila ubora kushuka. Zikichapisha bei, hesabu na matokeo yao kabla ya kulazimishwa, nani mwingine atakuwa na udhuru?

Kazi iliyo mbele yenu

Haya hayatatimizwa kwa maazimio ya mkutano. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuandika barua kwa ofisi ya umma na kujibiwa katika siku 21. Kila kikundi cha wapenda haki, kila jumuiya ndogo, kila chama cha akina mama na kiteue watu wawili wanaojua kuandika vizuri. Waiulize kaunti ni pesa ngapi zilikuja kwa jina la kituo chetu cha afya na zilinunua nini. Waiulize SHA ni madai mangapi ya kituo hicho hayajalipwa na kwa sababu gani. Wakinyimwa jibu, waipeleke barua yao kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo iliyopewa mamlaka ya kusimamia sheria hiyo. Na viti vya wananchi katika kamati ya kituo cha afya visiachiwe wapambe wa wanasiasa. Viombeni, mkae humo, msome daftari la dawa.

Serikali zitabadilika, na majina ya hazina yatabadilika pamoja nazo. NHIF imekwenda, SHA nayo huenda ikapata mrithi. Mgonjwa atabaki. Mtoto mwenye homa hajui jina la bima inayomlipia, wala hajali kama kitanda chake ni cha kaunti, cha padre au cha mfanyabiashara. Anachohitaji ni kwamba aliyelipwa ili amtibu amtibu kweli, na kwamba yuko mtu mzima mahali fulani anayehesabu.